Magari ya misuli ya Marekani na sheria za usalama: taa za ubavuni, mabampa, funguo na mengine (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Haya maswali nimeyakusanya coz yanarudi kila siku, mtu anaona picha ya Camaro au Charger ya zamani anauliza kwanini hii ina kitaa ubavuni na ile haina, kwanini bampa limevimba ghafla. Majibu mengi yako kwenye kalenda ya serikali ya Marekani. Ukizijua tarehe chache tu unaweza kutaja mwaka wa gari ukiwa upande wa pili wa barabara.

## Mambo ya msingi

Gari la misuli ni lipi hasa, na Mustang imo?

Kwa maana ya zamani kabisa ni gari la Kimarekani la saizi ya kati, milango miwili, limepachikwa injini kubwa ya V8 iliyotengenezewa gari kubwa zaidi, na bei ambayo kijana mwenye ajira ya kawaida anaimudu. Wengi wanahesabu Pontiac GTO ya 1964 kuwa ndo mwanzo. Mustang, Camaro na Barracuda ni ndogo kidogo na Wamarekani wana jina lao lingine, la farasi mdogo, lililotokana na Mustang yenyewe. Hapa nazichanganya zote, na Corvette naiingiza pia japo ni gari la michezo la siti mbili, kwasababu huwezi kuongelea mabampa ukaiacha.

Sheria zenyewe zilianza lini?

Tarehe 9 Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alisaini sheria iliyoipa serikali kuu mamlaka ya kuweka viwango vya usalama kwa kila gari jipya. Kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa na yake na makampuni ya Detroit yalijipangia mengi yenyewe. Kelele za mwanasheria Ralph Nader zilichangia sana, na vifo barabarani vilikuwa vinazidi kupanda. Viwango vya kwanza vilitangazwa Januari 1967 na vingi vikaanza kazi 1 Januari 1968. Wakala unaosimamia hadi leo, NHTSA, ulipata sura yake ya sasa 1970.

Kitu kimoja watu hawakijui: serikali ya Marekani haikagui gari na kulipa kibali kabla halijauzwa. Kampuni yenyewe inajithibitishia na kubandika lebo kwamba gari linafuata viwango vilivyokuwepo siku lilipotengenezwa. Hiyo "siku lilipotengenezwa" ishike vizuri, tutairudia.

Mbona mnasema "modeli ya 1968" wakati gari limetoka 1967?

Kwasababu Marekani modeli ya mwaka mpya huanza kuuzwa kama Septemba ya mwaka unaotangulia. Kwa hiyo Mustang ya 1968 ilikuwa sokoni tangu vuli ya 1967, wakati sheria inaanza Januari. Makampuni mengi yaliona usumbufu kubadilisha gari katikati ya mwaka wakaweka vitu vipya tangu mwanzo wa modeli, ila si kila mara, na hapo ndo vurugu za warekebishaji wa magari ya zamani zinapoanzia (angalia swali la hedresti huko chini).

## Taa

Nitaitofautishaje ya 1967 na ya 1968 kwa haraka?

Angalia ubavuni. Kama hamna kitu, ni 1967 au nyuma yake. Kama kuna kitaa kidogo au rifleta (kipande kinachorudisha mwanga bila kuwaka) karibu na bampa la mbele, rangi ya machungwa, na kingine karibu na bampa la nyuma, chekundu, basi ni 1968 au baada. Lengo lilikuwa gari lionekane usiku ukilikuta limekatiza barabara, na rangi zinakwambia upande gani ni mbele.

Hii inafanya kazi vizuri mno kwa Camaro, sababu ya 1967 na ya 1968 zinafanana kama mapacha. Kithibitisho cha pili ni kile kioo kidogo cha pembetatu kwenye mlango, cha 1967 kipo, 1968 kimeondoka, lakini hicho hakikuondolewa na sheria, General Motors (wenye Chevrolet, watengenezaji wa Camaro, na Pontiac) walileta tu mfumo mpya wa kuingiza hewa.

Kwanini nyingine zina taa kabisa na nyingine zina rifleta tu?

Kwasababu kwa miaka miwili ya kwanza sheria ilikubali mojawapo. Ukiweka taa sawa, ukiweka rifleta sawa. Kuanzia 1 Januari 1970 ikadai vyote viwili, na makampuni yakaviunganisha kwenye kipande kimoja.

Mfano mzuri kuliko yote ni Dodge Charger. Ya 1968 ina vitaa vya duara, vidogo, vizuri hasa, kama vifungo vya koti. Ya 1969 wakaviondoa wakaweka rifleta za mstatili ambazo haziwaki. Ya 1970 mstatili umebaki lakini sasa unawaka. Miaka mitatu, majibu matatu, na bodi ni ileile! Mustang ya 1968 nayo ilichanganya, mbele taa, nyuma rifleta. Mtu akikuuzia Charger "ya 1968" yenye mistatili ubavuni, muulize maswali kabla hujatoa hela.

Ni kweli Pontiac waliifanya taa ya ubavuni kuwa nembo?

Kweli, na mimi naona ndo jibu zuri kuliko yote yaliyotolewa kwa sheria hii. Firebird na GTO za 1968 zina taa nyekundu ya nyuma ubavuni yenye umbo la ncha ya mshale, nembo ya Pontiac yenyewe. Sheria ilisema weka kitu chekundu hapa, wao wakasema sawa, tutaweka jina letu. Kwenye GTO ya 1969 wakabadilisha umbo lifuate beji ya GTO. Wengine walitoboa tundu wakachomeka taa ya dukani wakamaliza, wale wa Pontiac walikaa chini wakafikiria.

Taa za mbele zinazojificha zilipigwa marufuku?

Hapana, hazijawahi kupigwa marufuku Marekani. Kilichokuja ni masharti: kuanzia 1969 kifuniko kilitakiwa kifunguke chote ndani ya sekunde 3, na ikitokea nguvu ya kukiendesha imekatika taa ikiwa wazi, ibaki wazi, isijifunge ukiwa gizani.

Ukumbuke nyingi za wakati ule zilifunguliwa kwa nguvu ya kuvuta hewa kutoka kwenye injini, na mipira ya hewa ikizeeka inavuja, unawasha taa jicho moja linafunguka jingine limelala. Ndo maana Camaro ya 1969 yenye kifurushi cha Rally Sport ina vifuniko vyenye mistari mitatu ya kioo: kifuniko kikigoma, mwanga kidogo bado unapita. Watu wanadhani ni urembo, ila ule ni uwazi wa dharura, na umeipa ile gari sura ambayo hakuna nyingine inayo. Corvette iliendelea na taa za kujificha hadi ya 2004.

Kwanini taa kubwa za zamani zote ni duara na saizi moja?

Hiyo ni sheria ya zamani zaidi. Tangu 1940 Marekani ilishikilia taa ya aina moja, duara la inchi 7, kioo na balbu vimefungwa pamoja, ikiungua unanunua kipande kizima kituo chochote cha mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 50 wakaruhusu nne ndogo za inchi 5¾. Wabunifu walikuwa na chaguo hilo tu, mbili au nne, kwa hiyo tofauti ya sura za gari za misuli iko kwenye grili na kwenye jinsi taa zilivyozamishwa au kufichwa. Za mstatili zikaja na modeli za 1975, ndo ukaona Firebird ya 1977 ina nne za mstatili. Taa zenye umbo la kampuni yenyewe ziliruhusiwa 1983.

Indiketa za nyuma zinazokimbia moja baada ya nyingine, hizo zilikuwa halali?

Zilikuwa halali baada ya vita kidogo. Ford walitaka kuziweka kwenye Thunderbird ya 1964, wakakwama kwenye sheria za majimbo, zikatoka na ya 1965. Baadae zikaingia Mercury Cougar ya 1967 na Mustang za Shelby za 1968. Mustang ya kawaida ilizipata 2010.

Na ndio, nyekundu kwa indiketa ya nyuma Marekani ni ruksa hadi leo. Ulaya haitaki, lazima iwe rangi ya machungwa, nitagusia tena kwenye swali la Mustang za usukani wa kulia.

Taa ya tatu ya breki ilianza lini?

Modeli za 1986, kwa gari zote za abiria. Angalia Camaro: ya 1986 imewekewa kiboksi juu ya kioo cha nyuma kwa nje, kinaonekana kabisa kimeongezwa mwishoni, halafu 1987 wakakiingiza ndani ya spoila kikatulia. Ukiona kiboksi kile juu ya kioo ujue umekutana na gari la mwaka mmoja tu.

## Ndani ya gari

Hedresti: kwanini Camaro yangu ya 1969 haina na ya rafiki yangu inazo?

Zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Sheria ya kuwa na kizuizi cha kichwa kwenye siti za mbele ilianza 1 Januari 1969. Gari la modeli ya 1969 lililotengenezwa Oktoba 1968 halikulazimika kuwa nazo, la Februari 1969 lilikuwa lazima. Usikimbilie kumlaumu fundi kwamba amepoteza vipuri, tafuta kwanza tarehe ya kutengenezwa.

Chrysler walipoleta Challenger na Barracuda mpya za 1970 waliachana na kale kamto ka kuchomeka wakaunganisha moja kwa moja na siti, mgongo mrefu mpaka kichwani. Inapendeza ukiwa nje, ila waliokaa siti ya nyuma ya zile gari wanajua hawaoni kitu zaidi ya ukuta mweusi.

Kwanini funguo ilihama kutoka dashibodi?

Wezi. Kuanzia 1 Januari 1970 ilitakiwa ukitoa funguo, gari lisiweze kupigwa kona au kwenda mbele kwa nguvu zake, na njia rahisi ilikuwa kuweka funguo kwenye shingo ya usukani ili ifunge usukani. Utauliza wizi unahusianaje na usalama barabarani: gari la wizi linaendeshwa vibaya, linapata ajali mara nyingi zaidi, na anayegongwa ni mtu asiye na kosa.

General Motors waliwahi mwaka mmoja, kwa hiyo Camaro, Chevelle na Corvette za 1969 zina funguo kwenye usukani wakati Mustang ya 1969 bado iko dashibodi, ikahama 1970.

Mbona kuna mikanda miwili tofauti mbele?

Kuanzia Januari 1968 siti za mbele za pembeni zilitakiwa ziwe na mkanda wa bega, isipokuwa kwa gari la kufungua paa. Makampuni yaliongeza mkanda wa pili juu ya ule wa kiunoni, wenye kishikio chake, unaning'inizwa juu ya mlango kwa klipu. Watu wengi hawakuutumia kabisa, ndo maana kwenye gari nyingi utaukuta bado mpya. Uliounganishwa kuwa mmoja kama wa leo ulilazimishwa kwa modeli za 1974.

Hizo za 1974 ndo zina kile kifaa kilichowaudhi Wamarekani kuliko vyote, gari haliwaki mpaka umefunga mkanda. Ukiweka mfuko wa sokoni siti ya pembeni, gari linadhani ni abiria, linagoma. Bunge lilikifuta Oktoba 1974. Mimi naona lilikuwa wazo zuri lililoletwa kibabe, na hasira ile iliichelewesha mikanda Marekani kwa miaka mingi.

Waipa zilikuwa zinang'aa, baadae zikawa za kijivu au nyeusi, ni bei rahisi au?

Ni sheria ya mng'ao, nayo ya 1968. Mikono ya waipa, fremu ya kioo kwa ndani, duara la honi kwenye usukani, fremu ya kioo cha kutazamia nyuma, vyote vilitakiwa visirudishe jua machoni mwa dereva. Kromu ikabaki nje kwenye bampa na milangoni, ikapungua pale dereva anapotazama. Wanaorekebisha gari la 1968 wakaweka waipa za kung'aa wanalifanya lifanane na la 1966, na jicho la mzoefu linaona mara moja.

Kwanini Corvette ya 1980 spidomita inaishia 85?

Hii inawauma wengi, na naelewa. Kuanzia Septemba 1979 spidomita hazikuruhusiwa kuonyesha zaidi ya maili 85 kwa saa, kama kilomita 137, na namba 55 ilitakiwa itiliwe mkazo kwasababu ndo ilikuwa kikomo cha kitaifa. Kwa hiyo una Corvette au Trans Am yenye uwezo wa kwenda mbali zaidi, mshale unafika mwisho unalala pale. Sheria ilifutwa 1982, ila kampuni nyingi ziliendelea kutumia spidomita zilezile kwa miaka kadhaa. Usibadilishe ukaweka ya 160, inaharibu ushahidi wa kipindi chenyewe.

Na usukani ule mnene wa Mustang ya 1990?

Eabegi ya dereva. Mustang na Camaro zote zilipata mwaka huo. Teknolojia ilikuwa bado changa na mfuko ulikuwa mkubwa, kwa hiyo katikati ya usukani pakawa kama mkate wa boflo. Mustang ikapoteza pia ule usukani wa kuinamisha.

## Rimu

Zile nati za katikati zenye mabawa ziliishia wapi?

Zilikatazwa 1968. Nati, kifuniko cha rimu, chochote chenye mabawa yanayochomoza, hapana, kwasababu kinazunguka kwa kasi usawa wa miguu ya mtu anayetembea au baiskeli. Corvette ya 1966 bado ina rimu za alumini zinazofungwa kwa nati moja kubwa ya mabawa unayoigonga kwa nyundo. Ya 1967, wakijua kinachokuja, wakafunga rimu kwa nati za kawaida na juu wakaweka kifuniko kilicholala. Katazo lenyewe liliondolewa 1996, lakini wakati huo fasheni ilishapita.

## Mabampa

Sheria ya bampa ilisema nini hasa?

Hapa ndo penye mambo. Modeli za 1973: gari ligonge ukuta kwa maili 5 kwa saa mbele, kama kilomita 8, na maili 2.5 nyuma, bila kuharibu taa, mfumo wa mafuta na vitu vingine vya usalama. Modeli za 1974: nyuma nayo ipande hadi maili 5, na wakaongeza kipimo cha pendulumu kinachogonga hadi kwenye kona, pamoja na urefu maalum kutoka ardhini ili bampa la gari moja likutane na la jingine.

Kasi hiyo ni ya kuegesha gari. Haikuhusu kuokoa maisha moja kwa moja, ilihusu zaidi gharama za kugongana kidogo kidogo, na bima walikuwa nyuma ya presha kubwa. Lakini kwa mbunifu ilikuwa kama tetemeko. Bampa la 1970 lilikuwa ukanda mwembamba wa kromu uliobana bodi kama mkufu shingoni. Sasa linatakiwa lisimame mbali na bodi, liwe na shokapu au chuma nyuma yake, lirudi ndani likigongwa kisha litoke. Uzito unaongezeka kwenye ncha kabisa za gari, pabaya kuliko pote kwa gari linalotakiwa kukata kona.

Kwanini Corvette ya 1973 ina plastiki mbele na kromu nyuma?

Soma jibu la juu tena uone: 1973 mbele ilikuwa kali, nyuma nafuu. Chevrolet wakatengeneza pua mpya ya plastiki laini, rangi ya bodi, inayoficha chuma ndani, na nyuma wakaacha vile vibampa viwili vya kromu kwasababu bado vilikuwa vinapita. 1974 nyuma nayo ikavaa plastiki, na ya mwaka huo ina mshono wima katikati, vipande viwili. 1975 ikawa kipande kimoja.

Kwa hiyo miaka minne mfululizo unaisoma kwa mabampa tu: 1972 kromu pande zote, 1973 nusu kwa nusu, 1974 mshono, 1975 hamna mshono. Mimi ya 1973 naipenda kuliko zote. Wengi wanaiona haijaamua iwe nini, mimi naona kalenda nzima ya sheria imesimama kwenye gari moja na bado ni nzuri.

Camaro ya 1973 yenye bampa lililokatwa katikati ilipitaje?

Kwa vyuma vya kusapoti vilivyofichwa nyuma ya grili. Camaro ya Rally Sport ya 1970 hadi 1973 ina vibampa viwili vidogo kushoto na kulia na pua inachomoza katikati bila kitu mbele yake, sura nzuri kabisa. Kwa 1973 wakaimarisha kwa ndani wakaivusha mwaka mmoja zaidi. 1974 haikuwezekana tena, wakaleta mabampa mazito ya alumini, pua ikalala mbele, gari likarefuka karibu inchi 7, na zile taa za nyuma za duara zikaondoka. Watu wanaikataa ya 1974 ila ukilinganisha na waliyoyafanya wengine, wale walijitahidi kulichora gari upya badala ya kubandika.

Kubandika kama nani?

Kama Dodge na Plymouth, wote wa Chrysler. Challenger na Barracuda za 1973 na 1974 zilibaki na bampa zao nyembamba za kromu halafu zikapigiliwa matofali makubwa ya raba, mawili mbele mawili nyuma. Usiwalaumu sana, mauzo yalikuwa yameanguka na hakuna aliyetaka kumwaga hela za kuchora upya gari linalokaribia kufa; uzalishaji wa zote mbili uliisha 1974. Wamiliki wengi wanayang'oa wanaziba matundu ili gari lifanane na la 1970. Ombi langu: yatunze hata kama umeyang'oa, yaweke stoo yamefungwa vizuri, atakayelinunua kesho anaweza kuyataka.

Mustang ilifanyaje?

Mustang ya 1973 iliweka bampa nene la rangi ya bodi, ikarefuka kama inchi 4, na vitaa vya indiketa vikahamia ndani ya grili vikasimama wima. Ndo njia rahisi ya kuitofautisha na ya 1971 na 1972. Mwaka uliofuata wakaja na gari dogo kabisa na hadithi ikawa nyingine.

Kuna aliyefanya vizuri kabla ya kulazimishwa?

Pontiac tena! GTO ya 1968 ilikuja na pua nzima ya plastiki waliyoiita Endura, rangi ya gari, bila kromu, ukiigonga kidogo inabonyea na kurudi. Matangazo yao yalionyesha mtu anaipiga kwa nyundo. Miaka mitano kabla ya sheria! Ukiangalia gari za leo, zote bampa ni plastiki ya rangi ya bodi, yaani GTO ilishaonyesha njia wakati wengine bado wanang'arisha vyuma.

Yale mabampa makubwa yalipungua lini?

NHTSA walishusha kiwango mwaka 1982 hadi maili 2.5 mbele na nyuma, kuanzia modeli za 1983.

## Paa

Ni kweli serikali iliua gari za kufungua paa?

Haikuzikataza. Kilichotokea ni hofu. Mwanzoni mwa miaka ya 70 serikali ilikuwa inaandaa viwango vya gari kupinduka, na makampuni yakaamini paa la turubai halitapita. Mwaka 1972 Chrysler walikwenda mahakamani, na mahakama ikasema sheria ya 1966 haikukusudia kufuta aina nzima ya gari kama hizi. Lakini wakati huo viwanda vilishakata tamaa na wanunuzi wenyewe walikuwa wamepungua, AC ilishaenea na kelele ya barabara kuu haivumiliki paa likiwa wazi.

Angalia miaka inavyopishana: Camaro iliacha 1969, Challenger, Barracuda na GTO 1971, Mustang 1973, Corvette 1975. Zikarudi Mustang 1983, Corvette 1986, Camaro 1987. Gari lisingerudi kama sheria ndiyo ililiua.

Na zile zisizo na nguzo katikati ya madirisha?

Hizo kweli ziliumizwa. Kipimo cha kubonyea kwa paa kilianza Septemba 1973, na General Motors waliwahi kwa kuweka nguzo imara kwenye Chevelle na ndugu zake za 1973. Ukishusha vioo vyote vya Chevelle ya 1972 upande mzima unakuwa wazi, ya 1973 haiwezi. Mwaka huohuo wa 1973 milango ya gari zote ilitakiwa iwe na chuma cha kuzuia kugongwa ubavuni, uzito mwingine huo.

## Maswali ya pembeni

Kwa hiyo sheria za usalama ndo ziliua magari ya misuli?

Hapana, na naomba hili lieleweke. Bima zilipanda vibaya kwa vijana kuanzia karibu 1970. Sheria za moshi zikafanya General Motors washushe mgandamizo wa injini 1971. 1972 namna ya kupima nguvu za injini ikabadilika, namba kwenye karatasi zikaanguka hata pale injini ilipokuwa ileile. Oktoba 1973 mafuta yakawa shida. Usalama uliongeza uzito na kubadilisha sura, lakini aliyemtoa mnunuzi dukani ni bima na petroli. Na ile mikanda, usukani unaojikunja kifua kikiugonga, milango yenye chuma, kuna watu wako hai leo kwasababu yake.

Bawa la Charger Daytona lilikuwa la usalama?

La mbio. Dodge waliliweka 1969 ili gari litulie kwenye mashindano ya NASCAR, na kanuni ya mashindano ilidai watengeneze angalau 500 za kuuza kwa watu, ndo maana zipo barabarani.

Nikinunua ya 1966, natakiwa niiongezee taa za ubavuni?

Kwa viwango vya serikali kuu ya Marekani hapana, gari linahukumiwa kwa sheria za siku lilipotengenezwa. Majimbo yana ukaguzi wake, na nchi nyingine zina yake, hapo uliza unapolisajili. Na gari lililotimiza miaka 25 linaingia Marekani bila kudaiwa viwango hivyo kabisa. Mikanda lakini ongeza, hata kama hakuna anayekudai.

Kwanini Mustang za usukani wa kulia zinazoonekana huku kwetu zinatofautiana na za Marekani?

Kwasababu kiwandani Mustang ya usukani wa kulia ilianza na modeli ya 2015 tu, zote za nyuma ya hapo zilibadilishwa na mafundi. Hizi za kulia nyingi zilitengenezwa kwa soko la Uingereza na mengine yanayofuata kanuni za kimataifa zilizoanzia Ulaya, kwa hiyo indiketa ya nyuma inawaka rangi ya machungwa wakati ile ya Marekani inawaka nyekundu. Ukiona Mustang mpya barabarani usiku, subiri ikate kona, hapo utajua ilizaliwa kwa ajili ya nani.

Camaro ya 2010 mbona madirisha kama tundu la barua, nayo ni sheria?

Nusu tu. Vipimo vya paa na ubavu vimezidi kuwa vikali, nguzo zikanenepa, na mwaka 2009 serikali iliamua paa lihimili mara 3 ya uzito wa gari badala ya 1.5. Lakini Challenger mpya ya kipindi hicho (jina lilirudishwa) ilipita kwenye sheria hizohizo na vioo vyake vinaonyesha nje vizuri zaidi. Mstari wa chini wa madirisha kukaa juu vile kwenye Camaro ni uamuzi wa mbunifu aliyetaka gari lionekane limekunja ngumi.